Kisukari cha miaka mingi na kumbukumbu za Mama

Mama aligundulika kuwa na kisukari kabla hajatimiza miaka 60, na sasa amevuka 75. Kwa muda wote huo tumefundishwa kuhofia macho, figo na miguu. Kila akienda kliniki huvuliwa viatu, hukaguliwa nyayo na kuulizwa kama zinawaka moto au zina ganzi, nami nawashukuru wauguzi kwa hilo. Lakini haijapata kutokea akaulizwa kuhusu kumbukumbu zake, na jambo hilo linaniumiza.

Daftari lake la sukari ndilo lililonishtua. Kurasa za zamani zina tarehe, saa, kipimo, na pembeni maneno kama "kabla ya chai". Katika kurasa za mwaka huu tarehe zimerukwa, na asubuhi moja kipimo kilekile kimeandikwa mara tatu, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko uleule mzuri wa mwalimu mstaafu. Majirani wanasema ni uzee tu. Hata hivyo, watafiti walipowachunguza wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wenye miaka 70 na kuendelea, waliokuwa na dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walikuwa takriban asilimia 6. Kama uzee peke yake ungetosha kuileta, wangekuwa wengi kuliko hao.

Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa kuwafuatilia watumishi wa serikali jijini London, ulitoa matokeo mwaka 2021 ambayo nimeyasoma na kuyarudia. Kwa watu waliofika miaka 70, kila kisukari kilipokuwa kimeanza miaka 5 mapema zaidi, hatari ya dimensia ilipanda kwa asilimia 24, na walioishi nacho zaidi ya miaka 10 hatari yao ilizidi maradufu ya wale wasio nacho. Wengi wenye kisukari hawapati dimensia, na sipendi mtu asome haya akakata tamaa. Ila miaka ina uzito wake: sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu, ya ubongo kama ilivyo ya jicho na figo, na presha ikiongezeka hapo, viharusi vidogo visivyo na dalili vinaweza kujirundika.

Hatari nyingine, ambayo naiona haizungumzwi vya kutosha, ni sukari kushuka. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wazee wenye kisukari waliowahi kufikishwa hospitali kwa sababu sukari imeshuka sana walipata dimensia zaidi kuliko wenzao, na kadiri sukari yao ilivyoshuka mara nyingi ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Kusahau nako huleta hali hiyo, kwani asiyekumbuka kama amekunywa dawa huinywa tena. Jioni moja Mama aliniuliza, "Mwanangu, nimeshakunywa dawa?" nami nilipogeuka nikamkuta ameloa jasho, mikono baridi, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Kipimo cha sukari kilionyesha 2.9 mmol/L, yaani imeshuka mno. Tulimpa chai yenye sukari nyingi, akarejea taratibu.

Baada ya hapo daktari alimwondolea glibenklamidi, dawa inayojulikana kushusha sukari kwa muda mrefu hasa kwa wazee, na akatueleza kwamba kwa umri wake hakuna haja ya kulazimisha vipimo viwe kama vya kijana. Aliagiza pia apimwe vitamini B12, kwa sababu metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu wake wenyewe huleta usahaulifu, nao unatibika. Dawa sasa nampa mimi mkononi, baada ya kuhakikisha amekula. Kliniki ijayo nitakwenda na daftari hilo, niombe apimwe kumbukumbu rasmi, na niombe vilevile kwamba mzee yeyote mwenye kisukari cha muda mrefu aulizwe maswali hayo pale anapokaguliwa miguu, na anayeishi naye aulizwe pia.