Ijumaa Tuliyoshukuru

Redio ya shangazi ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefungwa kwa raba ili betri zisichomoke. Ndiyo iliyotuletea habari Ijumaa hiyo, tarehe 15 Januari 2016: al-Shabaab wameshambulia kambi ya jeshi la Somalia huko El Adde, jimbo la Gedo, na wanajeshi wa Kenya walio kambi ya jirani wamejibu mashambulizi. Shangazi aliacha ugali mekoni akapiga magoti palepale jikoni. "Asante Baba, si kambi yao." Nami nikaitikia amina.

Mwanawe alikuwa El Adde. Kikosi chake kilitoka hapa hapa Eldoret, na hapa kwetu Langas hapakuwa na mtaa usio na mtoto wake jeshini. Jumatano alikuwa amepiga simu kuuliza kama mabati yamefika. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba, na mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani yakimsubiri fundi.

Usiku huo shangazi alilala usingizi mzito. Jambo hilo linaniuma kuliko yote yaliyofuata. Kambi iliyovamiwa alfajiri ilikuwa ya Wakenya, gari la mabomu liliingia kwa Wakenya, na mama alilala akiwa ameshukuru.

Kesho yake picha zikaanza kuingia kwenye WhatsApp. Zilitoka kwa al-Shabaab wenyewe, na walikuwa wakijigamba kwamba wameua zaidi ya watu 100. Serikali ikaonya kuwa anayezisambaza atachukuliwa hatua. Mimi sikuzisambaza. Nilijifungia kwenye choo cha nje nikazikuza moja baada ya nyingine, nikitafuta kovu la mkono wa kushoto alilolipata tukikata miwa utotoni. Wengi walikuwa wamelala kifudifudi. Waliomuua ndio walionipa habari zake za kwanza, na mimi, Mkenya, nikawa naokoteza ndugu yangu kwenye picha za adui. Nilipotoka shangazi akaniuliza, "Umeona nini kwenye simu?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumatatu tulikwenda kwenye lango la kambi ya hapa Eldoret. Wake walikuwa na watoto mgongoni, wazee wameshika kofia mikononi. Afisa mmoja aliandika majina kwenye daftari. "Nendeni nyumbani, mtapigiwa simu." Shangazi akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, ni wangapi?" Hakujibu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alitazama daftari lake mpaka tukasogea.

Naelewa kwamba vita vina siri zake. Siku zile za kwanza kulikuwa na wanajeshi waliojificha porini, na neno moja redioni lingeweza kuwaponza. Kwa hilo ningenyamaza pamoja na serikali. Lakini wiki zilipita, manusura wakarudi, na kimya kikabaki vilevile. Hapo hakikuwa kinamlinda mwanajeshi yeyote.

Tarehe 27 Januari ibada ya kumbukumbu ilifanyika kambini Eldoret. Walikuja marais watatu: Uhuru Kenyatta, Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Hotuba zilikuwa nzuri, nakiri, na shangazi alilia kama wengine. Ila alikuwa anasubiri idadi. Aliniambia tukirudi kwamba angejua wamekufa wangapi, angejua kama wamehesabiwa wote, na kama wamehesabiwa wote, basi na wake yumo. Idadi haikutajwa.

Mwezi uliofuata tuliisikia kutoka kwa mgeni. Hassan Sheikh, akihojiwa kwenye televisheni, alisema ni kati ya 180 na 200, ingawa ofisi yake iliikana kauli hiyo baadaye. Mwezi Mei CNN ikataja 141. Serikali yetu haikutoa idadi yake kamili. Shangazi alipanguswa ndani ya shavu kwa pamba ili vinasaba vyake vilinganishwe, na mwezi Machi tukaletewa sanduku lililofungwa, tukaambiwa tusilifungue. Tulizika sanduku. Mpaka leo hawezi kusema kwamba amemzika mwanawe; husema, "siku walipoleta sanduku."

Ilipofika tarehe 27 Januari 2017, mwaka mmoja kamili tangu ile ibada, redio ikasema kambi yetu ya Kulbiyow, huko huko Somalia, imeshambuliwa. Jeshi lilikanusha kwamba kambi imetekwa, kisha likasema waliokufa ni 9. Al-Shabaab walitaja zaidi ya 50. Nilimwona shangazi akiitazama redio kama mtu aliyewahi kumkopa pesa asirudishe.

Jirani yetu mmoja aliingia mbio bila hodi. Kijana wake alikuwa Kulbiyow. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, umesikia? Wanasema kambi haikutekwa. Mungu ni mwema!"

Shangazi alimshika mikono yote miwili. "Usishukuru bado," akamwambia. Akachukua leso yake nyuma ya mlango, akajifunga, wakatoka pamoja kuelekea langoni.