Nilivyofanikiwa kurusha video za HD kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye runinga kwa mtandao wa nyumbani

Video zangu zote zimo kwenye diski ya kompyuta iliyo katika chumba cha kazi, ilhali runinga iko sebuleni, upande wa pili wa nyumba. Nilitaka kuzitazama kwenye kioo kikubwa zikiwa na ubora wake kamili, pasipo kunakili mafaili kwenye flashi kila ninapotaka kutazama kitu. Runinga ilikuwa na uwezo wa kuunganishwa na mtandao na ruta ilikuwepo, na video za ubora wa kawaida zilicheza bila taabu. Za HD, yaani zile za pikseli 1920 kwa 1080, ndizo zilizoganda, tena hasa pale palipokuwa na mwendo mwingi kwenye picha.

Wengi niliowauliza walinishauri nitafute intaneti yenye kasi zaidi. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini haugusi jambo hili hata kidogo, kwa kuwa video inayotoka kwenye kompyuta yangu kwenda kwenye runinga yangu haivuki ruta kwenda nje. Hata intaneti ikikatika kabisa, filamu inapaswa kuendelea. Kasi inayohitajika ni ile iliyopo baina ya vifaa vya ndani, na ndiyo niliyoamua kuipima badala ya kubahatisha.

Kabla ya kupima nilifanya hesabu ili nijue ninatafuta nini. Filamu ya saa 2 yenye ukubwa wa gigabaiti 9 ni sawa na megabaiti 9,000. Kila baiti ina biti 8, kwa hiyo ni megabiti 72,000 zinazopaswa kusafiri ndani ya sekunde 7,200, yaani wastani wa megabiti 10 kwa sekunde. Tatizo la wastani ni kwamba unaficha vilele. Mafaili mengi ya video hubanwa kwa kiwango kinachobadilika: mtu aliyekaa kimya mbele ya ukuta anahitaji biti chache, ilhali mvua, mawimbi ya bahari au umati wa watu unaokimbia huhitaji nyingi mno, na hapo mahitaji yanaweza kupanda mara kadhaa kwa muda mfupi. Diski ya Blu-ray ya kawaida inaruhusu picha peke yake ifike megabiti 40 kwa sekunde. Lengo langu likawa njia inayoweza kubeba kiwango hicho bila kuyumba, hata kama mafaili yangu mengi hayakifikii.

Kwa upimaji nilitumia programu ya bure iitwayo iperf3, ambayo hutuma data kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuonyesha kasi iliyopatikana kila sekunde. Niliiwasha kwenye kompyuta ya chumba cha kazi, kisha nikaweka kompyuta mpakato palepale runinga ilipo, kwa sababu kipimo kinachofanyiwa karibu na ruta hakisemi lolote kuhusu sebule. Matokeo yalionyesha kasi inayopanda na kushuka bila mpangilio, na mara nyingine ikishuka chini kabisa ya kile kinachohitajika. Ninaamini kila mwenye tatizo kama hili angefaa aanzie hapa, maana namba hizo zinaokoa fedha nyingi za vifaa visivyohitajika.

Kompyuta yenye video nayo ilikuwa imeunganishwa kwa Wi-Fi, sawa na runinga. Katika chaneli moja ya Wi-Fi kifaa kimoja tu ndicho kinachoweza kutuma kwa wakati mmoja, vingine vikisubiri zamu. Kila kipande cha video kilisafiri hewani kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, kisha kikasafiri hewani tena kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga, kikitumia chaneli ileile mara mbili. Niliunganisha kompyuta na ruta kwa waya, na badiliko hilo moja likakaribia kuongeza kasi ya sebuleni maradufu, ingawa runinga yenyewe sikuwa nimeigusa.

Kisha nikageukia masafa. Ruta yangu hutumia gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa: chaneli zisizoingiliana ni chache sana, kwa kawaida ya 1, ya 6 na ya 11, nazo hugawanywa na ruta zote za majirani, bila kusahau jiko la maikrowevu ambalo hufanya kazi karibu na masafa hayohayo. Masafa ya 5 yana nafasi kubwa, ila ukuta mnene huyadhoofisha haraka. Niliyapa masafa hayo mawili majina tofauti ya Wi-Fi ili niwe na uhakika runinga inatumia yapi, kwa sababu kifaa kikiachiwa kichague chenyewe mara nyingi hung'ang'ania yale yenye mawimbi yanayofika kwa nguvu, hata kama hayana kasi. Pia niliitoa ruta kwenye kona ya sakafuni na kuiweka juu, mahali ambapo kati yake na runinga kuna ukuta mmoja tu. Kuganda kulipungua sana, lakini nyakati za jioni, majirani wanapokuwa nyumbani, kulirudi.

Nikaamua kupitisha waya mpaka sebuleni. Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi: runinga nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu la ethaneti, yaani la waya wa mtandao, lenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, hivyo Wi-Fi nzuri ya gigahezi 5 inaweza kulipita kwa kasi. Mimi nilichagua waya kwa sababu ya utulivu. Tundu hilo hutoa takriban megabiti 94 za data halisi, tena kasi ileile asubuhi na jioni, nazo zinatosha kwa HD hata katika vilele vyake. Mwenye video za 4K, zenye pikseli nyingi kuliko HD, zilizonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski afikiri upya, kwa kuwa baadhi yake huvuka megabiti 100.

Waya wenyewe ni wa daraja la Cat 5e, unaoruhusiwa kufika mita 100. Kasi ya gigabiti huhitaji nyuzi zote 8 ziguse sawasawa. Kichwa cha waya kikibanwa vibaya, kiungo kinaweza kuwaka taa kama kawaida huku kikifanya kazi kwa megabiti 100 tu, au kikakatikakatika. Kwa sababu hiyo nilikijaribu kila kichwa kabla ya kuufunga waya ukutani.

Baada ya hapo mafaili mengi yalicheza bila dosari, na machache yakaendelea kusuasua. Hapa ndipo niliponufaika na vipimo, kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba njia ni safi na kwamba chanzo kiko kwingine. Nilifungua dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta wakati video ikicheza, na prosesa ilikuwa imefikia kikomo. Programu ninayotumia kama seva, yaani ya kuipelekea runinga video kutoka kwenye kompyuta, inaitwa Jellyfin, nayo hupeleka faili jinsi lilivyo ikiwa runinga inaweza kulisoma. Isipoweza, seva hulazimika kulibadilisha papo hapo, na kubadilisha picha ya HD ni kazi nzito kwa kompyuta ya umri mkubwa.

Nilichunguza faili moja baada ya jingine na kukuta sababu tofauti. Mengine yalikuwa ya H.265, kodeki (mfumo wa kubana video) iliyotoka mwaka 2013, ambayo runinga yangu haiifahamu, ilhali H.264 ya mwaka 2003 inaisoma bila shida. Mengine yalikuwa na picha nzuri ya H.264 lakini sauti ya mfumo wa DTS, ambayo runinga nyingi haziikubali. Kwa hayo nilitumia ffmpeg, programu ya kubadilisha mafaili ya video na sauti, kuigeuza sauti pekee kuwa ya mfumo wa AC3 na kuinakili picha bila kuigusa, kazi isiyochukua muda mrefu na isiyopunguza ubora wa picha hata chembe. Yaliyonishangaza zaidi ni yale ambayo picha na sauti zilikubalika, ila maandishi ya tafsiri yalihifadhiwa kama picha ndogondogo, kama yanavyokuwa kwenye Blu-ray. Ili kuyaonyesha, seva ililazimika kuyachora juu ya kila fremu (kila picha moja moja inayounda video) na kuibana video yote upya. Nilipoweka faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu, pembeni ya filamu ileile, prosesa ilitulia karibu kabisa.

Tangu hapo natofautisha hali hizi kwa namna linavyojitokeza tatizo. Video inayoganda kwenye matukio ya kasi, na inayobadilika kulingana na saa za siku, naipimia mtandao. Inayosuasua tangu dakika ya kwanza, saa yoyote, na daima ni faili lilelile, naitazamia kodeki, sauti na maandishi kabla ya kugusa waya wowote.

Yaliyobaki yalikuwa madogo: nilihifadhi anwani ya IP ya kudumu, yaani namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni, kwa kompyuta kwenye ruta ili runinga isiipoteze kila ruta inapozimwa, nikahakikisha runinga haimo kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na nikaondoa mpangilio unaoilaza kompyuta isipoguswa, kwa kuwa kompyuta iliyolala haitoi video.