Ushuru wa mafuta ya taa ulimlenga nani?

Kabla ya bajeti ya Juni 2011, lita moja ya mafuta ya taa hapa Tanzania ilitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 52, ilhali lita ya dizeli ilitozwa shilingi 314. Nafuu hiyo ilikuwa na sababu ya msingi, maana mafuta ya taa ndiyo yaliyowasha vibatari na majiko katika nyumba zisizo na umeme. Tatizo ni kwamba mafuta hayo yanachanganyika na dizeli pasipo mteja kugundua, na kila lita iliyoingizwa kwenye tangi la dizeli ilimwachia mchanganyaji karibu tofauti yote ya kodi. Uchakachuaji ukawa biashara, na gharama yake wakaibeba wenye malori na mabasi, ambao pampu na nozeli za injini zao ziliharibika kabla ya wakati.

Serikali ilitangulia na njia ya ukaguzi. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu za kemikali) katika mafuta, ili yaliyochanganywa yatambulike yanapopimwa vituoni. Mwaka uliofuata Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, akaugusa mzizi wenyewe: ushuru wa mafuta ya taa ukapanda hadi shilingi 400.30 kwa lita na wa dizeli ukashuka hadi shilingi 215. Kwa upande wa ushuru, aliyezoea kuchanganya sasa alikuwa anapata hasara. Kama ufundi wa kutunga kodi, hatua hiyo naiheshimu, kwa sababu mfanyabiashara huacha mchezo haraka zaidi kwa hesabu zake mwenyewe kuliko kwa kumwogopa mkaguzi, ambaye (tuseme ukweli) huweza kuzungumza naye pembeni.

Ninachokipinga ni mgawanyo wa mzigo. Tabia iliyotakiwa kukomeshwa ilikuwa ya wachache wenye matangi na magari ya kubebea mafuta, lakini ushuru ulikatwa kwa kila aliyekwenda dukani na kichupa chake, mtu ambaye hakuwahi kumchanganyia yeyote kitu. Kodi ya sigara humfika mvutaji, na akiacha kuvuta ameepuka kodi. Mwanakijiji asiye na umeme angeacha nini?

Kenya nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2018, ilipoweka tozo ya shilingi 18 za huko kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji. Kisha Julai 2021 gesi ya kupikia ikarudishiwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16, ambayo ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023. Katika kipindi hicho familia ya kipato cha chini ilizuiwa kotekote: mafuta ya taa yalikuwa ghali kwa makosa ya wengine, gesi ilikuwa ghali kwa mahitaji ya hazina, na kilichobaki ni mkaa, ambao sehemu kubwa ya biashara yake hata haimfikii mtoza kodi.

Kwa maoni yangu, ushuru wa namna hii ulipaswa kwenda bega kwa bega na mbadala unaofikika. Ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme katika miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni mbadala wa kweli, lakini kwa yule tu ambaye nguzo zimeshafika kijijini kwake. Kwa wengine, nafuu ya vifaa vya umeme wa jua ilistahili kutangazwa katika hotuba ileile iliyopandisha ushuru, na mapato ya nyongeza hiyo yangetosha kuwa mahali pa kuanzia.