Sufuria ya mtu mmoja

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anashika njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya, anavuka Tunduma kuingia Nakonde, anaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Kurudi anabeba shaba. Safari ikinyooka ni wiki tatu. Foleni ya mpakani ikikaza, mwezi unapita na zaidi. Tuna miaka 14 ya ndoa, na nikijumlisha siku, nyingi nimelala bila yeye.

Binti yetu alipokuwa nyumbani sikuona shida. Mtoto akisema "mama njaa", utapika tu. Alipoanza kidato cha kwanza akaenda bweni, nikabaki peke yangu kwenye vyumba vyetu viwili Mbagala, na hapo ndipo kula kulipoanza kuniponyoka bila mwenyewe kujua.

Njaa sikuwa nayo, na hilo ndilo lililonidanganya. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana, nikiwa kwenye cherehani, chai tena na chapati ya mama wa pembeni. Jioni nikitoka Rangi Tatu napitia mihogo ya kukaanga, napewa imefungwa kwenye gazeti na pilipili yake, naila njiani. Nikifika nyumbani nimeshiba, jiko halijawashwa, naoga nalala. Mimi huyohuyo, mume wangu akiwepo, napika wali wa nazi, samaki, mchicha, na tunda nakata. Kupika nilifundishwa kama kazi ya kumwandalia mtu. Mtu akiondoka, kazi nayo inaondoka.

Mama yangu, baba alipofariki, alikuwa akisema, "Sasa nampikia nani?" Sisi wanawe tulimjibu "pole mama", tukaendelea na mambo yetu. Nilikuja kulielewa neno lile usiku mmoja, umeme umekatika, nimesimama jikoni nimewasha tochi ya simu, nakwangua ukoko wa wali wa juzi kwa kijiko. Sufuria nimeishika mkono wa kushoto, sikukaa hata chini. Kwetu huwezi kutia tonge mdomoni bila kumwambia aliye karibu "karibu chakula". Usiku ule neno lilinijia mdomoni, nikatazama huku na huku, hakukuwa na wa kumkaribisha.

Halafu kikaja kizunguzungu. Nikiinama kuokota uzi, dunia inazunguka. Nikipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, moyo unadunda kama nimekimbia. Nikaenda zahanati. Malaria hakuna, mimba hakuna, minyoo hakuna. Damu ilisoma 9.4. Muuguzi, mama wa makamo, akaniambia mwanamke asiye na mimba anatakiwa asishuke chini ya 12. Akaniuliza habari za hedhi yangu, kisha akaniuliza:

"Mama, jana ulikula nini?"

"Chai."

"Na usiku?"

"Mihogo."

"Juzi je?"

Nikanyamaza. Hakunigombeza. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: majani ya chai, ukiyanywa pamoja na chakula, yanazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Yaani hata kile kidogo nilichokula, chai ilikuwa inakifukuza. Akasema chai ningoje kama saa nzima baada ya kula, na kwenye mboga za majani na maharage nikamulie limau, kwa sababu limau hufanya kinyume chake. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, nikavimeza miezi 3. Siku za mwanzo choo kilikuwa cheusi, nikaogopa nikarudi kuuliza. Kumbe ndivyo vidonge hivyo vilivyo. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wanawake walioviacha kwa hofu hiyo tu.

Vidonge vilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa jiko.

Vyombo vyangu vyote ni vya watu wanne. Ukipika ugali wa mtu mmoja kwenye sufuria kubwa, maji yanakauka kabla unga haujaiva, na mwiko unazunguka pembeni bila kushika kitu. Nikaenda sokoni nikanunua sufuria ndogo kabisa, ile ambayo watu huchemshia maziwa ya mtoto, na mwiko mfupi wa kuendana nayo. Vikombe viwili vya maji, unga kidogokidogo, basi. Ugali unatoka laini, unaisha siku hiyohiyo. Naamini kwa moyo wote kwamba sufuria ile ilinisaidia kuliko ushauri wowote. Kabla ya hapo kila nilipopika nilibaki na kiporo cha siku tatu, na kiporo cha siku tatu kinamkatisha mtu tamaa ya kupika tena.

Maharage nayapika Jumapili. Naloweka kilo moja Jumamosi usiku, asubuhi namwaga maji yale, nayaweka kwenye mkaa yachemke mpaka yaive, bila chumvi. Yakipoa nayagawa kwenye vikopo vitano, kimoja cha siku hiyo, vilivyobaki vinaingia kwenye friza. Jioni nikirudi nimechoka, natoa kopo moja, nakaanga kitunguu na nyanya, namimina, robo saa nakula. Nazi ilinisumbua sana, maana nazi nzima ni nyingi kwa mtu mmoja, na nusu ukiiacha inachacha. Siku hizi nakuna yote kwenye mbuzi, nusu natumia, nusu nafunga kwenye kifuko nagandisha. Tui lake halina tofauti ninayoiona. Dagaa nanunua wakavu, nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga wakauke, nawatia kwenye chupa. Siku ambayo sina nguvu kabisa, kiganja kimoja cha dagaa, nyanya na limau, ugali umepata mwenzake.

Jumamosi nakula na jirani yangu wa chumba cha uani, mama mtu mzima, mjane. Nilimwendea nikamwamkia, "Shikamoo mama, nimekuja kukuomba tule pamoja." Akacheka, akasema yeye pia kwa miezi anakula uji tu usiku. Yeye analeta kisamvu, mimi naleta wali. Tunatandika mkeka mlangoni. Yeye hula taratibu, nami nimejifunza kula taratibu kwa kumtazama.

Mume wangu nilimficha habari ya damu kwa wiki mbili. Nilipomwambia alikuwa kwenye foleni Tunduma, siku ya nne hajasogea. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mke wangu, kila siku nakuuliza umekula, unaniambia nimekula." Nikamuuliza yeye amekula nini siku hiyo. Chipsi na soda. Jana yake? Chipsi. Na yale makopo ya vinywaji vya kuondoa usingizi anayokunywa usiku njiani. Tulikuwa tunadanganyana wote wawili kwa neno moja lilelile.

Tukapeana sharti: hakuna kujibu "nimekula". Unataja chakula. Kwa hiyo sasa naletewa habari za njia nzima kwa sahani. Foleni ikiwa ndefu, madereva wanachangishana, wanapika kwa jiko la gesi ubavuni mwa lori, na tandiboi wake ndiye anayesonga. Akifika Lubumbashi ananiambia, "Leo bukari na sombe." Bukari ni ugali wao, sombe ni kisamvu. Nami najibu, "Mchicha wa nazi na dagaa, limau nusu." Kuna jioni tunapigiana simu ya video tunakula pamoja, yeye kwenye kiti cha dereva, mimi mkekani. Picha inakwama kila mara, sauti inaendelea, nasikia anavyotafuna.

Baada ya miezi 3 nilipimwa tena, damu ikasoma 12.3. Chai bado naipenda, naingoja saa yake ifike.

Safari iliyopita alirudi usiku, amebeba gunia la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akaishika ile sufuria ndogo, akaigeuzageuza.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Akaitazama tena, akaisuuza, akairudisha mahali pake juu ya kabati. Nikatoa kubwa nikaanza kumpikia.

Ameondoka tena Alhamisi. Leo ni Jumamosi, mama wa uani ameshaniita mara moja, na maharage ya kesho nimeyaloweka.