1984: angalieni kiambatisho

Mnaoipenda riwaya ya 1984 ya George Orwell, mkikutana na igizo au filamu yake, angalieni kwanza wamefanya nini na kiambatisho cha mwisho, kile kinachoeleza Newspeak, lugha ya Chama kinachotawala katika riwaya. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba Chama kilishaanguka zamani. Waandaaji wengi hukiruka, hadithi ikaishia pale Winston, mhusika mkuu, alipovunjwa moyo.

Robert Icke na Duncan Macmillan hawakukiruka. Igizo lao la 2013, dakika 101 bila mapumziko, limejengwa juu yake: watu wa zama za mbele wanajadili maandishi ya Winston na kubishana kama aliwahi kuwepo kweli. Kwangu mimi, jukwaani hakuna waliomsoma Orwell kwa makini kuliko hawa.

Tamthilia ya televisheni ya BBC ya 1954, yenye mwigizaji Peter Cushing, ilirushwa mubashara 12 Desemba, kisha waigizaji wakaicheza upya siku nne baadaye. Tunayoiona leo ni hiyo ya pili.

Filamu ya Michael Radford ya 1984 inanishika kwa rangi. Mpigapicha Roger Deakins alitumia njia ya kuruka hatua ya kemikali inayoondoa chembechembe za madini ya fedha kwenye filamu. Zikibaki, rangi hupauka na weusi hukolea. Mtazameni John Hurt, anayemwigiza Winston, akiwa Chumba 101, chumba cha mateso cha Chama: ngozi imekuwa kama jivu, macho mashimo. Kazi nzito sana hiyo, ila kiambatisho hakimo.