Vijiti vya sungura: mpera ndio, mparachichi hapana

Sungura wangu anaitwa Bosi na ukikaa naye siku moja utajua kwanini. Chaja ikibaki chini imeenda, miguu ya meza keshaichonga, kona za mlango ndo usiseme. Watu wanaona utundu ila meno ya sungura yanakua maisha yake yote, yale ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 kwa wiki au zaidi kidogo, sasa lazima agugune kitu. Asikudanganye mtu lakini kwamba ukimpa kijiti basi umemaliza, magego ya nyuma yanasagwa na nyasi na hei (nyasi zilizokaushwa), hiyo ndo iwe chakula chake kikubwa. Kijiti ni cha kumpa shughuli, aachane na chaja yangu.

Niko Moshi, huku miti kibao, shida ni kuchagua. Mi naanza na mpera. Nakata vitawi vyembamba kama kidole, na majani yake hukohuko. Bosi anaanzia jani kwenye kikonyo, linaingia mdomoni moja kwa moja bila kusimama mpaka ncha inapotea, afu ndo anarudi kwenye gome, analibandua kwa vipande virefu mpaka kijiti kinabaki cheupe na unyevunyevu, hapo anakiacha anadai kingine. Mforosadi nao anaupenda, na uzuri wake ukiukata leo unachipua tena fasta. Nyie wa Lushoto wenye matufaa (epo) mmebarikiwa, vitawi vya mtufaa ni vizuri sana. Ila hukohuko kuna mipichi na miplamu, hiyo muiache, matawi yake mabichi yana kemikali zinazotoa sumu ya sianidi.

Sasa mparachichi. Huku kila uwanja unao, majani yametanda mpaka kwa jirani, unavutia kweli kuukata. Usithubutu! Majani na magome yake yana sumu inaitwa pasini, inaharibu moyo wa sungura. Na sungura hatapiki, akishameza ndo imeingia hiyo. Mnyaa, mbono na ile lantana ya kwenye ua pia hapana. Mlusina wengi wanawapa na sungura wanaufakamia, lakini una sumu inaitwa maimosini, akila kwa wingi manyoya yanaanza kunyonyoka, kwahiyo mi nimeamua kutompa kabisa, mipera ipo kwanini nijitafutie kesi.

Kingine ni pale mti uliposimama. Wa pembeni ya barabara sikati, moshi na vumbi lote linaishia pale, na huku kwenye kahawa lazima uulize kwanza kuhusu dawa. Namfuata mama jirani:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umefuata mpera?"

"Ndio mama, vitawi viwili vitatu tu. Hamjapiga dawa huku?"

"Tumepiga kule kwenye kahawa, huu wa nyuma ya jiko haujaguswa. Kwani huyo sungura mnamchinja lini?"

"Huyu haliwi mama."

"Haliwi! Na anavyokula hivyo!"

Nimeshazoea. Nikifika nyumbani naosha, nakung'uta wale sisimizi wanaojificha kwenye vikonyo, natoa jani lililooza au lenye ukungu. Siku hiyohiyo anapewa matawi mabichi, mengine naanika kivulini, yakikauka ndo yanakuwa magumu ya kuguguna vizuri. Mti mgeni kwake nampa kipande kidogo tu, afu kesho yake naangalia kinyesi, kikiwa vigololi vya kawaida tunaendelea, kikilainika au vikipungua basi huo mti tunaachana nao. Na akigoma kula kabisa, nusu siku tu imepita, usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo, tumbo la sungura likisimama halina muda.

Wa Tanga na Dar mnaofuga, nyie mnawapa miti gani huko? Niandikieni hapo chini, ila msije na mparachichi.