Siku yangu Keko, na michezo ya binti yangu

Saa 11 alfajiri
Naamka Mbagala, naoga, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha muhogo, natoka. Kuwahi ni muhimu, maana Barabara ya Kilwa ikishafunga foleni, asubuhi yote imekwenda.

Saa 12 asubuhi
Nimepata siti ya dirishani. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, sita hivi, Jumamosi nilikuwa nakwenda naye karakana yangu ya useremala kwa sababu mama yake alikuwa sokoni. Nilimpakata hapa hapa dirishani. Daladala za Dar zina mistari ya rangi ubavuni, kila njia na rangi yake, basi mchezo wetu ukawa huo: kila mtu achague rangi, tuhesabu mpaka Mtoni kwa Aziz Ali, mwenye nyingi ameshinda. Mimi nilichagua rangi inayopita sana. Yeye alichagua aliyoipenda, hata kama ni adimu. Nikimwambia abadilishe anakataa: "Hii ndiyo yangu, baba." Anashindwa, na Jumamosi inayofuata anaichagua tena. Msimamo wake niliujua hapo, kabla hajaanza darasa la kwanza.

Saa 2 asubuhi
Keko. Nina kitanda cha tano kwa sita, mbao ya mninga. Mninga ukiuranda kwa mkono unatoa maranda marefu yaliyojikunja, na harufu yake inajaa kibanda chote, ingawa vumbi lake linawasha pua. Binti yangu alikuwa anakaa karibu na mlango, mbali kabisa na mashine, ananisubiri niinue randa. Kipande cha maranda kikitoka kizima bila kukatika, anakivaa mkononi: bangili. Cha pili ananivalisha mimi, tunakwenda harusini. Nimewahi kumpokea mteja huku nimevaa bangili za mninga mpaka kiwikoni, na sikuzivua, maana aliyenivalisha alikuwa ananiangalia.

Halafu kulikuwa na vipande vya mbao vinavyobaki tukishakata. Yeye anaweka kimoja, mimi kimoja juu yake, mpaka ghorofa ianguke. Nilipenda kumtazama zaidi ya kucheza. Kabla ya kuweka kipande chake anatoa ulimi pembeni ya mdomo, anakigeuza akitafuta upande ulionyooka, anapuliza vumbi, ndipo anakiweka. Hakuna aliyemfundisha kupuliza vumbi. Alikuwa ameniona mimi nikifanya hivyo kabla ya kupaka gundi.

Saa 4 asubuhi
Umeme umekatika. Natoboa matundu ya miguu ya kitanda kwa patasi na nyundo.

Saa 7 mchana
Mama ntilie amekuja na wali maharage na mchicha. Zamani sahani yetu ilikuwa moja, na ilikuwa inakwisha kwa kelele. "Nyama nyama nyama!" "Nyama!" "Ya ng'ombe!" "Nyama!" "Ya kuku!" "Nyama!" "Ya kiatu!" Hapo unatakiwa unyamaze. Mafundi wa jirani nao walikuwa wanaitikia, na yeye ndiye hakimu: aliyeitikia kiatu anatoka. Chakula chenyewe kilikuwa maharage.

Saa 11 jioni
Kitanda kimesimama, nimekipiga msasa. Vanishi kesho.

Saa 1 usiku
Nashuka kituoni. Watoto wa mtaa wanacheza rede chini ya taa ya duka. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Nyumbani tulicheza watatu: mimi upande mmoja, mama yake upande mwingine, yeye katikati na mpira wa nailoni ukimpita masikioni. Nilikuwa nafika nimechoka kweli kweli, mgongo unauma. Lakini rede moja haifikii hata robo ya muda ninaokaa kwenye foleni. Wapo wanaume wenzangu waliosema baba mzima haruki vumbini na mtoto wa kike, mambo hayo amwachie mama. Niliwasikia, na jioni iliyofuata nikaruka tena. Mtoto akiwa mchezoni anaongea yote: nani kamnyang'anya penseli, mwalimu gani anamwogopa. Ukimkalisha kwenye kiti umuulize, anakujibu "nzuri" basi.

Saa 3 usiku
Simu kutoka Dodoma. Anasomea ualimu, sasa yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la pili. "Shikamoo baba. Nikumbushe mdako." Anataka kuwafundishia hesabu za kutoa. Nikamweleza: kokoto shimoni, unarusha moja juu, ikiwa hewani unakomba za shimoni, unaidaka. Unarusha tena, unarudisha zote unabakiza moja, hiyo ni yako. Mzunguko wa pili unabakiza mbili mbili.

"Na ukibakiza zaidi?"

"Zamu imekwisha, anacheza mwenzako."

"Si kweli, baba. Sisi tulikuwa tunarudia."

"Ulikuwa unarudia wewe, mama, kwa sababu ulikuwa mdogo."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka sana. "Basi na hawa ni wadogo. Watarudia." Akaniuliza achimbe mashimo mangapi kwa darasa zima. Nikamwambia shimo moja kwa watoto wanne, na kokoto achague za mviringo, zile zenye ncha zinaumiza vidole.